Kilo Kumi na Moja na Robo

Walikuleta kwa toroli, umelala chali
juu ya rejeta mbili na bomba la bafuni,
miguu nje, kama mgonjwa.
Lechipya akasema: shaba, mama, shaba tupu,
imetoka nyumba ya yule daktari wa ng'ombe wa zamani.
Ilikuwa inazuia mlango usipigwe na upepo.

Nikakutundika kwenye ndoano. Kilo kumi na moja na robo.
Kwangu hapa Mpwapwa shaba ni elfu kumi na mbili;
nikapiga hesabu ukutani kwa mkaa,
laki moja na thelathini na tano,
nikasita,
maana ulikuwa unanitazama
kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua.

Nguo imekuteleza begani, haianguki.
Kisiginoni pana maandishi.
Sista Eufrasia akavaa miwani, akainama:
"Kifaransa. Jina la mwenye tanuri, na Paris.
La huyu mwanamke halimo."
Basi mwenye moto kaandikwa,
mwenye mwili kaachwa hivi hivi.

Mama Nyemo akitoka bombani, ndoo kichwani,
hakuitua. Akakuzunguka mara moja.
"Huyu hajawahi kuchota. Tazama shingo!
Mtungi begani, kwa vidole viwili?
Na ngata iko wapi?
Aliyemchonga alikuwa na maji uani kwake."
Tukacheka mpaka ndoo ikachuruza,
naye akanyamaza ghafla, akakinga kwa kiganja.

Gari la Dar huja Ijumaa.
Kisichoenea kwenye gunia hukatwa.
Lechipya akanyanyua nyundo, akapiga unyayo,
ukalia;
si kama sufuria, si kama rimu ya shule,
ulilia kama mtu aliyefumba mdomo,
na kwenye ufa wa kitako ukatoka mchanga,
mweusi, mkavu, wa kujaza kiganja,
mchanga wa huko ulikomiminwa,
ulioutunza tumboni miaka yote hiyo
bila kumwambia daktari wala mlango wake.
Ukamwagika juu ya vumbi letu jekundu.
Kuku akaja, akadonoa, akatema.

Nikasema: weka nyundo chini.

Sikukupeleka sebuleni. Sina sebule.
Ila mizani yangu kubwa, ile ya mikono miwili,
ilikosa jiwe tangu Pasaka, wezi walilibeba,
na sasa wewe ndiye unakaa sahani ya kushoto.
Watu wamezoea. "Nipimie betri hizi."
"Mama mmoja kamili."
"Na rejeta?"
"Mama na nusu, usibishane naye."
Hakuna aliyewahi kukuambia unapunja.

Jumapili Mama Nyemo alirudi na kipande cha kanga,
akakisokota, akakizungusha,
akakuvika kichwani. Ngata.
"Angalau ajifunze," akasema, akaenda zake.

Mtungi ungali begani.
Hatukuharakishi.