Ambulensi ya Likizo

Baba aliinunua mnadani, kuukuu,
akang'oa machela, akafunga vitanda na jiko la gesi.
Akaipiga rangi ya kijani, mikono mitatu,
na bado msalaba mwekundu ulichungulia.

Tulikuwa twende Naivasha, tulale kando ya ziwa.
Moraa alianza kuhesabu viboko tangu Umoja.
Kufika Dagoretti, injini ikakohoa,
ikakata kauli.

"Fundi ni kesho," akasema Baba bila kututazama.

Basi tukalala nyuma ya kituo cha mafuta,
vilima vya Ngong vikizama gizani,
mvua ikijaza shimo la barabara
hadi taa zikaelea ndani yake.
Ogeto akatupa kijiti: "Boti yangu hiyo."
Mama akageuza chapati.

Saa nne usiku, mlango ukagongwa.
Mwanamke, leso imelowa, mtoto mgongoni, shingo imemlegea.
Alikuwa ameuona ule msalaba.

Baba alisimama na mwiko mkononi
kama mtu aliyefumaniwa.
Mama hakuuliza kitu. Akampokea mtoto,
akachovya kitambaa majini.

Asubuhi Baba alifungua mkebe wa rangi,
akautazama msalaba, akautazama,
akaurudishia mkebe kifuniko.