Nyonga ya Kulia

Mhandisi Rwegoshora alisema wiki mbili.
Akaniachia ufunguo, na pikipiki lake uani:
kilo mia mbili na thelathini, alitaja,
kama mzazi kliniki anayejisifia uzito wa mtoto,
akashuka Kibirizi na begi moja kupanda boti la Kalya.
Mahindi yalikuwa hayajatoa mbelewele.

Ua wangu hapa Mwanga una mteremko.
Maji ya mvua yanaujua.
Ukuta wa nyuma ni mfupi; hilo wezi wanalijua.
Basi kila jioni dude lile sharti liingie koridoni,
lilale kati ya chumba namba tatu na namba nne.

Siku ya kwanza nililivuta kama mbuzi wa deni.
Likagoma. Nikalisukuma, likaja lote,
likaniegemea polepole
kama mlevi anayekusalimia,
na ukuta ndio uliotuokoa.
Alama ipo bado, chini ya swichi.

Gwimo wa bodaboda alicheka hadi akakaa chini.
Kisha akasema:
Mama Nyamwiza, usitazame tairi, tazama unakokwenda.
Kidole kwenye breki ya mbele, lakini usiikamate ghafla
usukani ukiwa umekunjwa, hapo ndipo hulala.
Liinamishie kwako. Kidogo tu.
Na likishapita pale pasiporudika, liache lianguke.
Chuma kina fundi; mguu wako hauna spea.

Nikasikia *liinamishie kwako*
na mwili ukakumbuka kabla yangu.

Miaka miwili nilimtembeza mama
kutoka kitandani hadi chooni.
Mwanamke mkubwa, mchuuzi wa mawese,
shingo iliyozoea madebe,
na upande mmoja wa mwili umegoma.
Wauguzi walisema nimshike kwapani.
Kwapa halibebi mtu.
Unajibandika ubavuni mwake, nyonga kwa nyonga, unangoja,
unauacha uzito uamue kwanza,
halafu mnakwenda, hatua za kuku,
na kwenye kizingiti hakuna kusema neno.
Sikumwangusha.
Mara moja, nusu.
Hiyo nusu ninayo.

Jioni ya pili nilisimama kushoto,
nyonga ya kulia kwenye tangi lenye joto la jua,
nikangoja.
Akakubali.
Ubao juu ya ngazi. Gurudumu la mbele, pumzi.
Gurudumu la nyuma, pumzi.
Stendi kwanza, ndipo mkono uachie.
Tangu hapo sikusema tena *lile*. Nilisema *huyu*.
Huyu kalala? wapangaji waliniuliza.
Kalala.

Mahindi yakakomaa, yakachomwa, magunzi yakatupwa.
Mhandisi akarudi amekonda, ndevu zimemmeza mdomo.
Akamtoa mwenyewe,
simu kabana kwa bega, macho kwenye tairi.
Niliona usukani ukikunjika, niliona kidole kikikaza.
Hakufika getini.

Petroli ikanuka juu ya matope.
Mhandisi akatazama huku na huku, akitafuta wanaume.
Nikakaza kitenge. Nikazima ufunguo.
Nikamgeuzia mgongo yule aliyelala,
makalio kwenye kiti, mkono mmoja usukani,
wa pili kwenye chuma cha nyuma, magoti yamekunjwa,
nikarudi kinyumenyume
kama mtu anayeaga kwa wakwe.
Akainuka.

"Lizito sana hili," alisema Mhandisi, akipangusa suruali isiyo yake ya kupanguswa,
maana matope yote yalikuwa kwangu.
"Kidogo," nikamwambia.
"Ila hapendi kutazamwa miguuni."

Alilipa maegesho ya siku tisini na mbili. Sikumpunguzia.

Korido sasa ni pana, wapangaji wanapishana na ndoo zao.
Mimi, saa kumi na mbili jioni,
nikifika kati ya namba tatu na namba nne
nakwenda ubavu ubavu, polepole,
kulia nimeacha nafasi.