Ngoma ya Gurudumu la Mbele

Riat huanza kwa upole, kama mkopo.
Unatoka Kiboswa na trei nane za mayai
zilizofungwa kwa mpira wa tyubu iliyokufa,
Kisumu imetandazwa kule chini, mabati kisha ziwa,
na unajiambia: leo nitashuka salama.
Kisha kona ya kwanza. Vidole viwili kwenye breki,
na breki inanirudishia vidole vyangu.
Du. Du. Du.
Kila mzunguko, pigo moja.
Nikipunguza mwendo nayo inapunguza,
du,
       du,
hadi nasimama, na mayai huko nyuma yamesikia yote.

Nilibadilisha viatu vya breki mara mbili.
Vya kwanza vilikuwa rahisi, nikalaumu bei.
Vya pili vilikuwa ghali, nikamlaumu muuzaji.
Nikapiga msasa. Nikabadilisha waya.
Nikaomba, sifichi, ndani ya helmeti,
mahali ambapo sala haifiki mbali.
Mwenye duka wa Kondele akaanza kunikata:
trei hii mawili, trei ile matatu.
"Kwani njiani huwa unayachezesha?"

Kadenyi ana karakana ya mabati matatu
nyuma ya posho mili.
Hakuniuliza breki ina nini.
Aliniuliza, "Ulianguka wapi?"
"Sijaanguka."
"Basi uligonga nini?"
Shimo la Mamboleo, mwezi wa nne, usiku, mvua.
Rimu ilipinda. Niliinyoosha mwenyewe,
nikakaza spoki zilizolegea, nikakaza na zisizolegea,
maana spana ilikuwa mkononi na hasira ilikuwa kifuani.
Alicheka kwa pua.

Akainua gurudumu juu ya kreti ya soda,
akagonga spoki moja moja kwa spana ndogo
kama mtu anayebisha milango ya ploti akimtafuta mdeni wake.
Ti. Ti. Ti. Tu.
Tu. Ti.
"Sikia. Hizi zinalia, hizi zimelala.
Zinazolia zimevuta, na ngoma imefuata."
Sisi wa stendi huiita drami. Yeye husema ngoma.
Ilikuwa imevutwa hadi ikaacha kuwa duara.
Mimi, mbeba mayai,
nilikuwa nimetengeneza yai la chuma
na kulifungia ndani ya gurudumu langu.

Alizilegeza zote, thelathini na sita.
Kisha robo, robo, huku na ng'ambo,
nami nimeshika breki kidogo.
"Usikamue. Hii si ng'ombe."
Gurudumu likazunguka likisema
shi, kimya. Shi, kimya.
Robo.
Shii, kimya.
Posho mili ikawashwa, akaweka spana chini:
kazi hii ni ya sikio.
Tukangoja madebe mawili ya mahindi ya mtu yasagike,
unga ukitutulia kwenye kope,
hatuna la kuongea.
Robo tena. Nusu ya robo.
Shiiiiiiiiii
bila pengo, kama kitenge kinachochanwa na asiye na haraka.

"Imebaki kidogo," alisema. "Hiyo, chuma kimeizoea.
Ukitaka iishe, peleka Kibuye wakuchongee kwa leithi.
Ukikosa hela, ishi nayo.
Ila spana yako utaiacha hapa."
Nililipa mia mbili na mayai manne.
Spana niliiacha.

Leo nashuka Riat. Kona ya kwanza, vidole viwili,
na breki inashika, inashika tu.
Kona ya pili hivyo hivyo.
Kwenye ya tatu, palipo na mafuta ya malori,
naisikia:
d.
Ndogo. Asiyeijua angesema ni barabara.

Kondele mwenye duka anahesabu kwa kidole kimoja,
trei hadi trei, midomo ikimchezacheza.
"Moja," anasema mwishowe, na analiinua,
ufa wake mwembamba kama uzi wa nywele.
Anatafuta kalamu aandike.
Nanyoosha mkono.
"Hilo nipe," nasema. "Hilo ni langu."