Kitabu Kilichoshonwa

Walikileta kwangu mara ya tatu mwaka ule,
kimeshonwa tena.
Bwana Mhina wa maktaba alikiweka mezani kwa vidole viwili,
kama aliyeshika mkia wa panya:
"Fundi, fumua. Watu wanalalamika."

Uongo. Hakuna aliyelalamika.
Kadi ya mihuri niliisoma mwenyewe:
kimeazimwa tarehe nne, kimerudi tarehe nne.
Kimeazimwa tisa, kimerudi tisa, kabla ya adhuhuri.
Tanga, waja leo waondoka leo,
ndivyo tunavyowatania wageni;
kumbe msemo umehamia kitabuni.

Jalada halikuwepo, jina la mtunzi lilikwenda nalo.
Pembeni mwa kurasa, kwa penseli, hati za watu mbalimbali:
"Usisome usiku."
"Wala mchana."
Na mmoja, mwanafunzi bila shaka, kwa wino mwekundu:
"Mbona hakuna kinachotokea?"
Chini yake mwandiko uleule, umelala upande:
"Nimeelewa. Mungu anisamehe."

Mimi vitabu vya kutisha navicheka.
Nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu;
majini ya hapa nayajua, yana majina,
yana udi yanaoupenda, yana bei.
Ukiyaudhi, unajua mlango wa kubisha hodi.
Nimegundisha maiti waliofufuka,
nimepiga pasi mizuka iliyolowa mvua,
nikala muhogo wangu wa kuchoma juu yao.

Nikachukua wembe.
Karatasi mbili tu, kurasa nne,
sitini na moja mpaka sitini na nne.
Hapakuwa na damu. Hapakuwa na paka mweusi.
Mwanamke anapakua wali.
Nyumbani wako watatu, anatoa sahani nne.
Hajui kwa nini. Ya nne anairudisha kabatini.
Kesho yake anatoa nne.
Mumewe anaona, hasemi.
Mtoto anaona, anasogea kidogo mkekani,
kumpisha mtu.

Basi. Ukurasa wa sitini na tano
ni habari ya bei ya mkonge.

Jioni ile baiskeli niliikokota, sikuipanda.
Mlangoni kwangu nikasikia sahani za bati zikishushwa:
moja,
mbili,
tatu.
Nikashusha pumzi.

Nne.

Mwanamvua hakugeuka.
Salha, binti yetu, akasogea mkekani.

Kuna jina ambalo nyumba yetu haijalitamka
kwa miaka kumi na mmoja.
Salha ana tisa. Hatukumwambia kitu.
Nguo tuligawa, picha moja iko chini ya bati la dari
na ngazi niliiuza.
Nani aliyemwambia asogee?

Nilivua kofia ili nile.
Mkono ukagoma.
Uzi niliofumua mchana ulikuwa na fundo dogo
linalorudi nyuma mara mbili kabla ya kukazwa,
na fundo lile, vitobo kwa vitobo, lilikuwa mkononi mwangu:
nimelivaa kichwani tangu harusi.

"Ulikisoma lini?"
"Kipi?"
Akachota mchuzi, kijiko kimoja,
akamwagia sahani ya nne, taratibu,
kama unavyomwekea mtoto asiyependa pilipili.
"Mara tatu," akasema.
"Kila ukifumua nakiazima tena.
Nadhani safari hii atatoa tatu."

Hatukuongea zaidi. Tulikula.
Sikutazama upande ule, na najua kwamba sikutazama,
maana shingo iliniuma mpaka alfajiri.

Asubuhi Bwana Mhina akauliza kama kiko tayari.
Nikamwambia gundi haijakauka.
Leo ni wiki ya sita.
Gundi ya muhogo hukauka kwa saa mbili,
hata masika.