Honi ya Mkate

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, saa moja na nusu,
nilipiga honi mara mbili kwenye kona ya kanisa
na Casal da Urze ikafungua milango yake kumi na minne.
Mifuko ya kitambaa ilining'inia kwenye vitasa,
ndani yake sarafu, nyingine bado na joto la mkono.
Mfuko wa Evaristo ulitaka mmoja wa leo
na miwili ya jana, mikavu, ya mbuzi.
Sikuwa mtu wa maana pale.
Nilikuwa honi na harufu ya unga.

Siku ile nilirudi saa tisa alasiri.
Nikapiga mara mbili, mara tatu,
kisha nikaulaza mkono juu yake nisiuinue.
Dona Zulmira akatoka na mfuko wake.
"Umechelewa," akauliza, "au umewahi?"
Nyuma yake mlima haukuwapo.
Palikuwa na kitu cha rangi ya kutu, kinapumua.

Mikaratusi ndiyo iliyosema kwanza.
Mti ule una mafuta mwilini. Gome lake hubanduka,
hupaa likiwaka, hutua mbele ya moto
kama mjumbe asiyengoja jibu.
Tuliambiwa moto huzaa jivu.
Huu ulizaa moto,
na mtoto akavuka bonde
mzazi akiwa bado upande wa pili.

Nikatupa trei za mkate barabarani.
Wakapanda: Albertino na mtungi wake wa hewa,
mapacha wa kina Teles wakimgombea jogoo,
Gracinda amekumbatia cherehani.
Si picha za harusi, si hati ya shamba. Cherehani.
Evaristo alikuwa zizini. Alilifungua lango,
akawaambia mbuzi jambo, taratibu,
kama mtu anayeaga kituoni.
"Nendeni," akatupungia, "nakuja na trekta."

Zulmira hakupanda.
"Unanidai senti ishirini tangu Ijumaa.
Siondoki kwangu na deni."
Akaingia ndani kutafuta pochi.
Nilihesabu. Sijui nilihesabu nini.
Majani ya mzabibu wake yalijikunja yenyewe,
rangi kwenye mlango wa gari ikaota malengelenge,
na yeye akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo,
akajaribu kitasa,
akanilipa.

Barabara ya kuteremka ilikuwa na kuta mbili.
Nyuma, gizani, hakuna aliyeomba kwa sauti.
Gracinda alizungusha gurudumu la cherehani,
tik, tik, tik, akishona hewa,
na mimi nikaishika njia kwa mlio ule
pale macho yaliposhindwa.

Kwenye ukumbi wa michezo, mjini,
walishuka wote weupe, nywele hadi viatu.
Nesi akakimbia na taulo. "Majivu?"
"Unga, binti," Albertino akasema,
akacheka, kisha kicheko kikamgeuka.
Tulikaa tukitazama mlangoni.
Kila trekta iliyopita ilikuwa ya mtu mwingine.

Siku ya tisa walituruhusu kupanda.
Milango ilikuwa mitatu. Wa Zulmira ulisimama
umefungwa, kitasa mahali pake,
bila nyumba.
Kwa Evaristo sikusogea. Walishakuwa wamefika wanaohusika,
wameacha utepe na nyayo za mabuti.

Nikafika kwenye kona. Mkono una mazoea yake:
mara mbili.

Kimya.
Kisha kwato juu ya vigae vilivyovunjika.
Mbuzi sita, manyoya yamebabuka, macho mekundu,
wakatoka upande wa kijito,
wakajipanga mbele ya gari
kama wateja.

Nilikuwa na mikate miwili ya jana.
Sikuwa nimeagizwa na mtu.
Nikaivunja, nikawalisha mkononi,
na ile senti ishirini mfukoni
ikazidi kuwa nzito.