Jiwe la Bi Time

Charahani kushoto, gunia la nguo kulia,
mkasi na chupa ya mafuta kikapuni mbele,
maana mlima wa Mzambarauni hauna mchezo:
mwaka jana nilirundika vyote nyuma,
gurudumu la mbele likainuka kama mbuzi aliyeona jani,
tukalala mtaroni, mimi na sare za madrasa.

Kutoka Wete, usawa ni rahisi.
Taabu huanza njiani:
nikishusha kanzu ya Shaame, kulia kunapungua;
nikishusha marinda mawili, usukani unavuta kushoto.
Chuma hakishoneki, hakipungui.
Basi hupenda kulipwa kwa uzani:
mkungu wa ndizi, muhogo wa Mbarouk
(kung'uta udongo, Mbarouk, udongo nao una kilo).

Bi Time wa Konde
kachukua magauni sita ya harusi ya bintiye,
kasema, "Mwezi ujao, inshallah."

Sikugombana.
Nikaokota jiwe penye kona ya ua wake,
nikalipima mkononi, nikaliacha,
nikachukua kubwa zaidi,
nikalitia kulia.

Baiskeli ikasimama wima.
Mlima mzima, mapaja
yakawa yananihesabia deni.