Bamba la Shaba

Nalipwa kwa herufi. Shaba ni yao, patasi ni yangu.
Barua ya hospitali imetaka jina moja tu:
Profesa Keresztúry, mgunduzi wa sindano
inayozuia uchungu usiwahi siku zake.
Nikahesabu: herufi hamsini na ushei. Kazi ya siku mbili.

Lakini mimi nimezaliwa humo humo, Debrecen,
Februari, theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
na mama aliniambia ni mkono wa nani uliomchoma.
Haukuwa wa profesa. Profesa alipita Alhamisi,
kalamu mfukoni, haraka miguuni.

Nikashuka ghalani. Daftari lilikuwapo,
la kijani, pembe zimeliwa na panya.
Ilka Szentpály, aliyepima homoni tone kwa tone,
akapasha mafuta moto kwenye jiko la supu
ili dawa ikubali kuyeyuka.
Vince Halmos, aliyebeba hesabu za wiki kichwani
mwaka ule karatasi zilipoadimika.
Borbála Csűrös, mkunga, kila Jumatatu juu ya baiskeli,
chupa kifuani, chini ya sweta, zisigande.

Chupa hazikuwa na majina.
Nusu zilikuwa na dawa, nusu mafuta matupu;
hata Borbála hakujua.
Mama alikuwa namba kumi na tatu,
amekwisha kuzika watatu kabla yangu.
Namba kumi na nne alikaa mlango wa pili.
Walifuma soksi pamoja, wakingoja.

Kando ya kumi na tatu: wiki thelathini na tisa, mvulana, analia.
Kando ya kumi na nne: wiki ishirini na sita.
Kisha hakuna neno. Wino umevimba hapo,
kama kalamu iliyosimama ikasahau kuondoka.

Bila mafuta yake, dawa yangu ingebaki uvumi.
Miaka sitini na mmoja nimetembea bila kulijua hilo.

Nimechonga jina la profesa, kama walivyolipia.
Chini yake matatu, bure, kwa ukubwa uleule.
Watanigombeza. Wagombe; shaba haina kifutio.
Na pembeni, mahali mtu atakapodhani patasi iliteleza,
nimepiga nukta moja, taratibu.

Jina lake mama hakulitaja hata siku moja.
Alisema tu kwamba uzi ulitosha jozi mbili.